Fundi na Apime, Asikisie

Pikipiki sasa ni nguzo ya usafiri katika milima ya Uluguru. Kabichi, karoti na viazi vya Mgeta hushushwa kwa pikipiki kutoka vitongoji ambavyo lori halifiki, ndipo vipelekwe Morogoro mjini na Dar es Salaam. Kila tone la petroli linalopotea bure ni hasara ya mkulima na mwendeshaji, na wote wawili ni watu wa kipato kidogo.

Chanzo kimojawapo cha upotevu huo ni kabureta isiyorekebishwa sawasawa. Mafundi wetu wengi hukaza na kulegeza skrubu huku wakisikiliza mngurumo. Sikio la fundi ni jema, lakini halioni petroli iliyomo ndani ya kibakuli cha kabureta. Boya likiiruhusu kupanda mno, injini hunywa kupita kiasi na plagi hujaa masizi. Ikiwa chini mno, injini hukosa nguvu na kuchemka.

Milimani shida huzidi. Mji wa Morogoro uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Mgeta imepita meta 1,000. Kwa kila meta 1,000 tunazopanda, hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na petroli huzidi katika mchanganyiko. Fundi asiyepima hawezi kutenganisha kosa la boya na athari ya mlima.

Kifaa cha kupimia hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Kabureta nyingi zina mdomo mdogo chini wa kutolea petroli. Fundi achukue kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akichomeke hapo, na ncha ya pili aiinue wazi kando ya kabureta. Pikipiki isimame wima mahali tambarare, bomba la tangi likiwa wazi. Skrubu ya chini ikilegezwa, petroli itapanda ndani ya mpira na kusimama usawa uleule wa kibakuli. Hapo fundi ataulinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Waashi wetu hawatashangaa, kwani ndivyo wanavyosawazisha kuta kwa mpira wa maji.

Tahadhari ni lazima: injini izimwe na ipoe, sigara na moto viwe mbali, na petroli ya mpirani ikingiwe chombo. Morogoro haihitaji kufundishwa hatari ya petroli. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu lililipuka, na ndugu zetu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Tunatoa rai kwa chuo cha VETA Kihonda na kwa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kukuza viwanda vidogo: kila mwanafunzi wa ufundi wa pikipiki atengeneze kipimo chake mwenyewe kabla ya kupewa cheti. Nao waendeshaji wawe na desturi ya kumwuliza fundi amepima kiasi gani. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hiyohiyo ikivuja kila siku hukimaliza. Kujitegemea tulikokuhubiri miaka mingi huanza na vitu vidogo kama kipande hiki cha mpira.