Uwanja wa Embakasi: Jasho la Nani, Sahihi ya Nani?

Wananchi wengi wa Machakos hupita Embakasi kila wiki wakielekea Nairobi, wala hawajui kwamba pale pana viwanja viwili vya ndege, kimoja hai na kingine kilichofungwa. Kile kilicho hai kinajulikana ulimwenguni kote na kina jina la Rais wa kwanza wa Jamhuri. Upande wa pili wa njia ile ile ya kurukia ndege, upande wa kaskazini, kuna majengo ya zamani ambayo abiria wa kawaida hakuyatumia tena baada ya mwaka wa 1978. Hayo ndiyo mabaki ya Embakasi ya kale, na ndiyo tunayotaka kuyazungumza.

Kabla ya Embakasi palikuwa na Eastleigh. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka wa 1946, ndege zake zilitua huko, katika kiwanja kilichotumiwa pia na jeshi la anga la Uingereza. Ndege zilipozidi ukubwa Eastleigh haikufaa tena, na mwaka wa 1958 abiria wakahamishiwa Embakasi. Eastleigh ikabaki mikononi mwa wanajeshi, kwanza wa Mwingereza, kisha wetu. Ni wanajeshi wa anga walioasi tarehe 1 Agosti 1982, wiki chache tu baada ya Bunge kupitisha kile kifungu cha 2A kilichotufunga sote katika chama kimoja. Na uwanja wa Kamukunji, ambako wananchi walipigwa virungu siku ya Saba Saba mwaka wa 1990 kwa kudai kifungu hicho kifutwe, hauko mbali na hapo. Tunayataja haya kwa kupita, ili msomaji aone kwamba historia ya viwanja vya ndege katika nchi yetu haikupata kutengana na historia ya mamlaka.

Turudi Embakasi. Ni nani waliojenga uwanja ule?

Hawakuwa vibarua wa kulipwa walioitwa kwa tangazo. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari, na katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya Waafrika wakatiwa vizuizini, walio wengi wao bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Wafungwa na mahabusu hao ndio waliopelekwa Embakasi kuchimba na kusawazisha ardhi ili ndege za wageni zipate pa kutua. Kazi ilipokamilika, sherehe ikaandaliwa, na aliyeufungua uwanja tarehe 9 Mei 1958 alikuwa Baring yule yule. Mkono uliowafunga watu ndio uliofungua kazi ya mikono yao! Wasomaji wetu wa makanisani wanakijua kitabu cha Kutoka, na hawahitaji kukumbushwa ni nani waliofinyanga matofali ya Pithomu na Ramesesi, wala ni jina la nani lililobaki juu ya kuta.

Asitokee mtu wa kutuambia sisi wa Ukambani kwamba hiyo ni habari ya watu wa Mlimani peke yao. Siasa ya kutenganisha vilio vya wananchi kwa kabila tumeionja, na tunajua inamnufaisha nani. Mtaro wa Yatta, ambao maji yake kutoka mto Thika yamenywesha mashamba na mifugo ya watu wetu kwa zaidi ya nusu karne, ulichimbwa kwa mikono ya mahabusu hao hao katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Tumekunywa jasho lao. Paul Ngei, mwana wa Machakos, alihukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta na wenzao wanne mwaka wa 1953. Na miaka 14 kabla ya Hali ya Hatari, mwaka wa 1938, wazee wetu walikuwa wamekwisha kutembea kwa miguu hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kumpinga mkoloni aliyewanyang'anya ng'ombe wao. Naye Mbingu akahamishiwa Lamu bila kesi.

Uhuru ulikuja, lakini desturi ya kuamua mambo ya uwanja bila mwenye uwanja haikuondoka na mzungu. Mnamo Machi 1978 jengo jipya la abiria lilifunguliwa upande wa pili, na la kale likafungwa kwa raia na kuachiwa Serikali na wanajeshi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mzee Kenyatta alifariki, na uwanja ukapewa jina lake. Hatuna kinyongo na jina hilo. Mzee mwenyewe alionja kizuizi. Lakini tunauliza: katika kuhama, kufunga na kubatiza huko kote, waliochimba waliulizwa lini? Serikali ya Uingereza ilikiri mateso ya vizuizini mwezi wa Juni 2013, na ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Mwaka wa 2015 mnara wa ukumbusho ukazinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Ni vyema. Hata hivyo mnara wa bustanini hauwezi kusimama badala ya kumbukumbu mahali penyewe palipofanyiwa kazi, na sisi, katika kupita kwetu Embakasi, hatujapata kuona popote ilipoandikwa kwamba hapa walifanyizwa kazi watu waliofungwa kwa kutaka uhuru.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Kando ya uwanja huo, ndani ya mipaka ya Machakos, kuna Mlolongo (wa malori, si ule wa kura za mwaka wa 1988) na kuna Syokimau. Wazee wanasimulia kwamba Syokimau, yule nabii mwanamke wa Wakamba, aliona katika maono nyoka mrefu akitambaa kutoka bahari hadi bahari. Nyoka alikuja, akaipita Machakos kando mwaka wa 1899, na makao makuu ya utawala yakamfuata Nairobi. Nabii hakutuambia habari za matingatinga. Mnamo Novemba 2011 matingatinga yakilindwa na polisi yalibomoa nyumba za watu katika mtaa wenye jina lake, kwa hoja kwamba ile ni ardhi ya uwanja wa ndege. Walikuwapo watu walioshika karatasi walizoziamini kuwa halali, waliokuwa wamejenga kwa akiba ya maisha yao. Hatusemi kwamba kila karatasi ilikuwa safi. Tunasema kwamba nyumba haioti usiku mmoja kama uyoga; palikuwa na ofisi za kupima, za kusajili na za kupitisha ramani, na zote zilinyamaza hadi kuta zilipoinuka. Shamba la Nabothi lilichukuliwa kwa barua zilizotiwa muhuri wa mfalme. Kwetu barua na mihuri vilitumika mara mbili, kwanza kumuuzia mtu, kisha kumfukuza.

Ndiyo maana tulishtuka, ila hatukushangaa, mwaka wa 2024 zilipovuja habari za mpango wa kuukabidhi uwanja huo kwa kampuni ya Adani ya India kwa muda wa miaka 30, kwa uwekezaji uliotajwa kuwa dola bilioni 1.85 hivi. Mwananchi hakuambiwa na Serikali yake. Aliambiwa na karatasi zilizovuja. Tarehe 9 Septemba Mahakama Kuu iliusimamisha mpango huo kwa muda, kufuatia kesi ya Chama cha Wanasheria na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya kiserikali. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa viwanja waligoma. Na tarehe 21 Novemba Rais Ruto alitangaza Bungeni kwamba mpango umefutwa, siku moja tu baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni hiyo kwa tuhuma za hongo. Wabunge walishangilia. Tuliwatazama na kujiuliza walikuwa wapi mwezi wa Julai.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba uwanja umechakaa, paa limevuja, umeme umekatika abiria wakabaki gizani, na kwamba bila mwekezaji hautatengenezeka. Hoja ya uchakavu tunaikubali, macho tunayo. Tusichokubali ni kwamba paa linalovuja linahalalisha mkataba uliofichwa. Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo watu wa nchi hii waliililia na wengine wakaifia, inatambua haki ya mwananchi ya kupata habari na kushirikishwa. Haisemi kwamba haki hizo zinasimama pale panapohitajika saruji.

Kwa hiyo tunadai mambo ambayo hayahitaji mkopo wa mtu. Mkataba wowote mwingine unaohusu uwanja huo uwekwe wazi kabla ya sahihi, na uletwe pia huku Mavoko na Machakos, kwa Kiswahili, si katika hoteli ya Nairobi siku ya kazi. Mipaka ya ardhi ya uwanja ichapishwe kwa ramani ambayo mnunuzi wa kiwanja anaweza kuisoma. Na majengo ya kale ya Embakasi yasibomolewe wala kugawiwa kimyakimya. Yawekewe kibao kinachosema yalijengwa lini na kwa mikono ya nani.

Jambo moja halingoji Serikali. Waliotiwa vizuizini wakiwa vijana wa miaka 20 ni wazee wakongwe sasa, wale waliobakia. Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya akina mama katika parokia zote, kuanzia Matuu na Yatta ambako mtaro unapita, ziwatembelee wazee hao au watoto wao, na kuandika jina la kila mmoja, kambi aliyofungwa na kazi aliyofanyizwa. Daftari na kalamu vinatosha.