PIKIPIKI MPYA IKAGULIWE KABLA YA KUPANDWA



Siku hizi wafanyakazi wenzetu wengi wa reli wananunua pikipiki, nasi twaona ni jambo jema. Wengi wetu twakaa upande wa magharibi wa mji, Kawangware, Kangemi, Riruta, Uthiru na Dagoretti, na zamu ya alfajiri huanza kabla matatu hazijaanza kazi sawasawa. Mwenye pikipiki hufika stesheni kwa wakati, na akitoka kazini aweza kubeba abiria mpaka jioni akapata karo ya watoto. Tangu mwaka wa 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zisizofika sisi 250, jambo hili limeenea mpaka hakuna mtaa usio na stegi ya bodaboda.

Neno letu si juu ya kununua. Ni juu ya ile nusu saa iliyo kati ya kulipa na kupanda, ambayo wenzetu huiruka.

Sisi watu wa reli tuna desturi yetu. Treni haiondoki mpaka mkaguzi wa mabehewa apite na nyundo yake, akigonga magurudumu na kusikiliza mlio. Breki hupimwa tangu injini mpaka behewa la mwisho. Hata behewa lililotoka karakana jana hugongwa vile vile, wala hakuna amwambiaye mkaguzi, liache hilo, ni jipya. Lakini mtu huyo huyo akienda mjini, Kirinyaga Road au River Road, na fedha zinazopita shilingi laki moja na nusu, aambiwa na muuzaji, "Ni mpya, Bwana, ina waranti," basi aipiga kiki, yawaka, na huyo, ameingia barabarani saa kumi na moja jioni kati ya malori na mabasi. Nyundo ameiacha wapi?

Yafaa tufahamu pikipiki hii hufikaje hapa. Nyingi za kazi tuzionazo Nairobi, kama Boxer na TVS, asili yake ni Uhindi, na nyingine hutoka China. Hazisafiri zikisimama juu ya magurudumu yake. Huja ndani ya makreti, nyingine vipande vipande, na ni huku kwetu zinakofungwa gurudumu la mbele, usukani, betri, vioo na waya. Kwa hiyo "mpya" maana yake ni kwamba haijatumiwa. Haina maana kwamba nati zote zimekazwa.

Wala tusimlaumu fundi aliyeifunga. Yeye naye ni mfanyakazi kama sisi. Akiwekewa makreti mengi asubuhi na kuambiwa yote yawe tayari kabla ya jioni, mkono wake utakwenda mbio, na mkono wa mbio husahau. Nani kati yetu asiyejua kazi ya namna hiyo? Tulipopunguziwa watu katika zamu, tuliwaambia wakubwa wetu maneno haya haya. Nati iliyoachwa nusu si dalili ya roho mbaya ya fundi. Ni dalili ya saa alizonyimwa. Lakini atakayeanguka ni yule aliye juu ya kiti, na nyuma yake abiria.

Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alinunua yake katika duka ambalo hatutalitaja. Aliitoa mjini, akapanda Ngong Road, akapinda Dagoretti Corner kuelekea Kawangware, na njia yote alisikia kitu kikigongagonga mbele. Alidhani ni ugeni wa chombo. Kijana wa stegi alipoinama akatazama, nati ya ekseli ya mbele iligeuka kwa vidole viwili. Mwenzetu huyo ana watoto wanne.

Sasa, nini kitazamwe? Kwanza karatasi. Nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, na ile ya injini, zisomwe moja moja na kulinganishwa na zilizoandikwa katika karatasi za duka na za mkopo. Tarakimu moja ikikosewa, shida ya logibuku itakuwa yako, si ya karani.

Baada ya hapo shika spana. Ekseli za mbele na nyuma, boliti za usukani, boliti za breki na za injini, zote zijaribiwe. Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani kushoto na kulia. Uende bila kukwama, na ukivuta foku mbele na nyuma pasiwe na mgongano. Gonga spoki za gurudumu kwa spana ndogo, moja baada ya nyingine. Hapa mkaguzi wa mabehewa hana la kufundishwa: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza.

Cheni itazamwe kwa subira, maana ndiyo hudanganya. Zungusha gurudumu la nyuma polepole upate mahali cheni ilipokaza kuliko pengine pote, na hapo ndipo upime. Katika pikipiki nyingi za kazi hucheza juu na chini kiasi cha sentimita mbili mpaka tatu, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho, nacho udai upewe. Alama za kurekebishia cheni ziwe sawa kulia na kushoto, kama sivyo gurudumu litakwenda upande. Na kama cheni ina klipu, mdomo wa klipu ulio wazi utazame kinyume cha mwendo wa cheni. Ni kitu kidogo kama ukucha, lakini ikifyatuka cheni yaweza kulifunga gurudumu.

Oili ipimwe pikipiki ikisimama wima, si ikiegemea mguu wa pembeni. Usiamini kwamba imetiwa kwa sababu umeambiwa imetiwa. Kisha washa injini, uiache ingurume polepole, ugeuze usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa petroli umepitishwa vibaya, na siku utakapokata kona pikipiki itakurusha mbele bila kuamriwa. Breki ya mkono na ya mguu zijaribiwe kila moja peke yake kwa kuisukuma pikipiki, na taa ya nyuma iwake kwa zote mbili. Tairi pia zipimwe upepo, maana mara nyingine hujazwa kupita kiasi.

Wengine watasema muuzaji atakasirika. Na akasirike. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, yampa mnunuzi nafasi ya kadiri ya kukagua mali kabla ya kuhesabiwa kwamba ameikubali. Lakini sheria hiyo yakata huku na huku: ukikagua, kisha kasoro ambayo ingalionekana hukuiona, ni vigumu kuilalamikia baadaye. Basi usikague kwa kupepesa macho. Lolote ulionalo liandikwe na litiwe sahihi na duka, na karatasi ya mkopo isisainiwe mpaka liishe. Ukishaanza kulipa kila juma, nguvu ya kudai hupungua. Na hiyo waranti waisifuyo hubadilisha kipuri, mguu haubadilishi.

Siku ya kwanza nenda asubuhi, si jioni ya siku ya mshahara. Usipande Ngong Road wala usishuke Waiyaki Way na abiria. Tairi mpya huteleza, na breki mpya bado hazijakaa. Zunguka barabara za ndani, kisha ukaze nati tena baada ya kilomita hamsini hivi, na huduma ya kwanza ya oili usiichelewe.

Twajua si kila mwanachama ni fundi. Karani wa bohari au mpokea tikiti hana haja ya kuona haya kwa kutojua klipu ya cheni, lakini asiende dukani peke yake hali karakana yetu imejaa watu waliokomaa mikono kwa spana. Maoni yetu ni kwamba tawi liandike majina ya mafundi watatu au wanne walio tayari kufuatana na mwanachama siku ya kununua, bila malipo ila nauli na chai, na liweke sanduku moja la spana, 10 mpaka 24, pamoja na geji ya upepo. Jambo hili tutaliweka mbele ya kamati katika mkutano ujao. Mwenye spana kubwa ya ekseli ya nyuma asiyoitumia na aje nayo.