Pikapu Kuukuu Inapomisi

Katika kambi ya polisi ya Nsambya, kama katika kambi nyingine za askari, pikapu kuukuu huweza kuwa mali ya jamaa nzima. Alfajiri hubeba matoke au makaa kwenda sokoni, jioni hurudi na mizigo ya majirani, na karo ya watoto hutoka humo humo. Injini yake ikianza kuchechemea, au kumisi kama wasemavyo mafundi, hesabu za nyumba nazo huchechemea.

Hapo ndipo fedha hupotea. Fundi husikiliza kidogo, hutikisa kichwa, na kusema ni plagi. Plagi nne hununuliwa. Kesho yake gari bado linamisi, basi ni koili. Keshokutwa ni kabureta. Mwisho wa mwezi gari lina vipuri vipya na ugonjwa ule ule wa kale. Mama mwenye nyumba, ambaye aghalabu ndiye atunzaye fedha, ana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kufungua mkoba: ni silinda ipi iliyo mgonjwa? Fundi asiyeweza kujibu bado hajapima. Anabahatisha kwa fedha za mwenzake.

Pikapu nyingi za petroli za miaka ya 1970 na 1980, kama Datsun, Toyota Hilux na Peugeot 504, zina silinda nne, nazo huwaka kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, kisha ya pili. Silinda moja ikikosa zamu yake daima, injini hutetemeka kwa mdundo usiobadilika, kama gwaride lenye askari mmoja mwenye kiatu kibovu. Lakini zote zikikosa ovyo, leo hii na kesho ile, ubaya hauko katika silinda yoyote. Uko kule zinakogawiwa posho zote pamoja: koili, pointi, kondensa, rota, au njia ya petroli.

Kuitambua silinda mgonjwa hakuhitaji mitambo ya gharama. Injini huzimwa, waya wa plagi moja huchomolewa, na ncha yake ya chuma hufungwa vyema kwenye mwili wa injini ili cheche ipate pa kwenda. Kisha injini huwashwa na kuachwa izunguke polepole. Silinda iliyo nzima ikinyimwa waya, injini hulegea zaidi. Silinda mgonjwa ikinyimwa, hakuna kinachobadilika, kwa maana haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Waya usishikwe kwa mkono wakati injini inazunguka, kwani umeme wake hufikia volti 20,000 na zaidi. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na sigiri ya jikoni. Katika kambi ambako nyumba zimebanana, mvuke wa petroli ukikutana na kaa la moto hauunguzi nyumba moja tu. Tena jaribio hili ni la magari ya kale yenye pointi. Magari ya baadaye yenye mitambo ya elektroniki huweza kuharibika kwalo.

Peugeot 504 ina desturi yake. Silinda yake ya kwanza huhesabiwa kutoka upande wa giaboksi, si upande wa feni, na asiyejua hilo huweza kurudisha nyaya mahali pasipo pake, akaongeza maradhi ya pili juu ya yale ya kwanza.

Silinda ikisha kujulikana, plagi yake hubadilishana nafasi na plagi ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu, na bei yake ni ndogo. Ukibaki pale pale, waya wake hubadilishwa vivyo hivyo, ikiwa urefu unaruhusu. Halafu kifuniko cha distribyuta hufunguliwa na kuchunguzwa ndani kwenye mwanga mzuri. Ufa mwembamba, au mstari mweusi kama uliochorwa kwa penseli, hupitisha umeme kando, hasa asubuhi zenye unyevu wa masika. Mara nyingine kitambaa kikavu kinatosha kuponya gari lililokuwa linangojea koili mpya.

Kilima cha Nsambya chenyewe ni kipimo kizuri. Gari linalotulia bondeni upande wa Katwe, kisha likamisi linapopanda na mzigo, huenda lina cheche dhaifu. Pedali ikikanyagwa sana, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche hupata taabu kuruka pengo la plagi. Katika magari haya pengo hilo huwa karibu milimita 0.8, na la pointi kati ya milimita 0.4 na 0.5; kitabu cha gari husema sawasawa. Gari linaloanza kupanda vizuri kisha likaishiwa pumzi katikati ya mlima lina njaa ya petroli: chujio limeziba au pampu imechoka. Na lile linalomisi likiwa limesimama tu, kisha likatulia likienda kasi, huenda linavuta hewa kupitia gasketi iliyo kati ya kabureta na injini.

Mambo hayo yote yakionekana mazima, ndipo mgandamizo wa silinda hupimwa kwa geji. Hapa watu wa Kampala huogofywa bure. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane. Kwa hiyo geji itasoma chini ya kitabu hata kama injini ni nzima. Linalotazamwa ni kama silinda zote nne zinakaribiana. Moja ikiwa chini sana, kijiko cha oili hutiwa ndani yake na kipimo kurudiwa. Kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, ni valvu, na silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi ni gasketi ya kichwa cha injini.

Kuhusu valvu kuna jambo ambalo vijana wengi wa gereji hawakulikuta. Zamani petroli ilitiwa risasi, yaani madini, si ya bunduki, nayo ililinda viti vya valvu za ekzosi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Injini za kale ambazo valvu hukaa juu ya chuma cha kawaida cha kichwa, bila viti vigumu vya kupachikwa, zilibaki bila kinga. Kwa safari ndefu na mizigo mizito kiti hulika, valvu huzama, nafasi yake huisha, na hatimaye haifungi. Ikiwahiwa, kurekebisha nafasi hiyo kwa spana na bisibisi kunatosha kwa muda. Ikichelewa, valvu huungua, na kichwa hupelekwa kwa mchonga vyuma apachike viti vigumu. Kazi hiyo ni ya gharama, lakini hufanywa mara moja, na plagi, koili na kabureta za zamani huendelea kutumika.