MILANGO YA MASHAMBA YA MAJARIBIO IFUNGULIWE KWELI

Unga wa bukari tunaokula Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, sehemu kubwa inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa. Mvua ikikosekana kule, ni sisi huku tunaohesabu franka mbele ya duka. Mwaka 2024 ukame uliunguza mahindi ya Wazambia hata mkubwa wa nchi yao akatangaza msiba wa taifa. Kwa hiyo watu wengi wa mji wamejitafutia shamba dogo nje ya mji: mama analima na watoto, baba anakwenda siku ya mapumziko. Ni kwa ajili ya hao tunasema leo juu ya mashamba ya majaribio ya Serikali, na juu ya siku ile yanapofungua milango kwa watu wote.

Mashamba haya si ya jana. Wabelgiji waliunda INEAC mwaka 1933, makao yake Yangambi, na vituo vikaenea Gandajika, Mulungu, M'vuazi, na huku kwetu Keyberg. Tangu mwaka 1970 jina ni INERA. Akili kubwa ilipatikana humo. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba mchikichi wenye ganda jembamba na mafuta mengi unazaliwa kwa kuunganisha ule wa ganda nene na ule usio na ganda. Malezia ilishika elimu hiyo ikatajirika. Congo, ilikotoka elimu, leo inanunua mafuta ya mawese ya wageni! Na mwanakijiji wa wakati ule alipata nini? Amri ya kulima pamba, na kifungo asipolima. Maarifa yalibaki katika vitabu vya Kifaransa.

Je, leo mambo yamegeuka? Tulikwenda kuangalia siku moja ya milango wazi, mahali hatutapataja. Kulikuwa na hema na viti vya wakubwa, hotuba juu ya hotuba, Kifaransa tupu. Mama waliotembea tangu alfajiri walisimama juani. Shamba lenyewe lilionwa mwisho, kwa haraka, motokari zikiwa zimekwisha kuwashwa.

Sisi tunataka kitu kingine. Mbegu ya zamani na mbegu mpya zipandwe kando kwa kando, udongo mmoja, siku moja, na mihogo ing'olewe na kupimwa kilo mbele ya watu. Mkulima aonyeshwe jani la muhogo lililojikunja, lenye mabaka ya manjano, aambiwe kwamba ugonjwa huo unaletwa na inzi mdogo mweupe, na tena unasafiri ndani ya kijiti cha kupanda. Ukikata kijiti katika mti mgonjwa, umepanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Ni wangapi kati yetu wanadhani udongo umechoka, au jirani ameroga shamba? Aonyeshwe pia yule kiwavi wa mahindi aliyeingia Afrika mwaka 2016, na namna ya kumtafuta ndani ya jani akiwa bado mdogo.

Waonyeshe na majaribio yaliyoshindwa. Shamba lisilo na kosa hata moja linatutia mashaka. Na kama mahindi yamekuwa makubwa kwa sababu ya mbolea, waseme gunia ngapi na kwa bei gani. Mfanyakazi hawezi kuiga shamba ambalo mshahara wake haulifikii.

Hatuwatukani watu wa INERA. Vita vya 1996 na 1998 viliharibu vituo vya mashariki, na wengi wao wanalinda mbegu kwa mshahara wa kuhurumiwa. Lakini mashamba ni mali ya taifa, na shaba tunayochimba inalisha sanduku la Serikali.

Kipopo ni karibu na Lubumbashi. Siku iwe siku ya Mungu, nyuma ya misa na ibada, mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamebeba na bado yamesimama. Tangazo libandikwe sokoni na kambini, kwa Kiswahili, wiki mbili mbele. Waseme wazi mbegu na vijiti vitapatikana wapi na lini. Na mama wa kwanza atakayeuliza neno asijibiwe kwamba saa zimekwisha.