KUINYWESHA PAMPU YA OILI

Juma hili twaingia chini ya motokaa. Ye yote aliyepata kusafiri kutoka Bunia kwenda Komanda ajua kwamba Irumu, pale kando ya mto Shari, si mahali pa kuharibikiwa na injini. Bunia iko nyuma kiasi cha kilomita 50. Mbele, kule Komanda, barabara yagawanyika, moja ikielekea Mambasa na Kisangani, nyingine ikishuka Beni. Na hiyo ya Beni, katika mwaka 2021, magari yalilazimika kuipita kwa misafara yenye ulinzi. Katika nchi ya namna hii injini iliyokufa jioni si hasara ya fedha tu. Abiria wanalala wapi?

Kumwaga oili iliyochoka na kutia mpya, kila kijana wa gereji aijua kazi hiyo, au adhani aijua. Lakini kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawaambiwi, nalo laweza kuiua injini ya zamani kwa dakika chache, siku ile ile iliyotiwa oili safi kabisa. Jambo hilo ni pampu iliyokauka.

Mmeona pampu ya mkono ya kisimani iliyokaa siku nyingi bila kutumiwa. Mtoto huivuta na kuivuta, nayo yakohoa hewa tu. Kisha mama mmoja aimiminia maji kidogo juu, na mara yaanza kutoa. Pampu ya oili ina tabia hiyo hiyo. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka karibu karibu, na ile oili kidogo iliyo katikati yao ndiyo izibayo nafasi. Oili ikiwapo, pampu yavuta. Ikikauka, vyuma vyazunguka bure, hewa yapita pembeni, na hakuna kinachopanda kutoka karai la chini.

Si motokaa zote zenye udhaifu huo. Land Rover za zamani zina pampu iliyozama ndani ya karai la oili, kwa hiyo mara chache hukauka, isipokuwa imefunguliwa. Lakini Morris Minor, ile iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, tangu 1952 ilipewa injini ya Austin ambayo pampu yake imekaa juu ya oili, nyuma ya injini, na yabidi ivute kwa mrija. Ukimwaga oili jioni na kuiacha motokaa wazi hadi asubuhi, mrija hubaki mtupu. Pampu ikiwa imelika kwa uzee, haiwezi tena kuvuta yenyewe.

Hapo ndipo kijana asiyejua hukosea. Awasha injini, taa nyekundu ya oili yaendelea kuwaka, naye akanyaga petroli kwa nguvu, akidhani mwendo wa kasi utaiamsha pampu. Kumbe ule mhimili mkuu, ambao mafundi huuita kranki, wazunguka katika beringi zake bila kitu cho chote cha kuuteleza. Chuma chasaga chuma. Baadaye tajiri asikia injini ikigonga, na lawama yamwangukia mwanafunzi wa gereji, ambaye hakuna aliyemfundisha. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni ya fundi mkuu.

Basi tuanze vema. Simamisha motokaa mahali tambarare, uzuie magurudumu kwa mawe. Injini iwe ya moto kiasi, maana oili baridi hutoka polepole na kuacha taka nyuma. Fungua nati ya chini, uiache oili ishuke mpaka yadondoka tone moja moja. Wosha ya shaba ya nati hiyo ibadilishwe; ni kitu cha fedha kidogo, na wengi huirudisha ile ya kale iliyopondeka, kisha washangaa sakafu ikilowa. Kwenye chujio, hakikisha mpira wa zamani umetoka. Mpira mpya ukiwekwa juu ya ule wa kale, oili yote yaweza kumwagika njiani. Na kama chujio hukaa mdomo ukiwa juu, lijaze oili kabla ya kulifunga.

Kiasi cha oili hutofautiana. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe yatosheka na lita 2.5, wala haina chujio la karatasi, ina wavu mdogo tu wa kuoshwa. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 yataka lita 6 na robo, na chujio lake karibu lita nyingine. Oili ya namba 20W-50 huzifaa injini nyingi za umri huo. Lakini nunua kopo lililofungwa. Oili ipimwayo kwa chupa barabarani, nani ajua imetoka katika injini ya nani?

Sasa oili imo. Usiwashe! Toa plagi zote, ili injini izunguke kwa wepesi, na uukate waya wa koili, moto usipite. Zungusha kwa handeli, au kwa stata kidogo kidogo, ukipumzisha betri kila mara. Pampu nzima itavuta: taa itazimika, au mshale wa geji utapanda. Hapo tu ndipo urudishe plagi na kuwasha injini, nayo iache ingurume taratibu.

Kama haivuti, mpe maji yule mwenye kiu. Fungua mrija wa geji ya oili, au ule uendao kwenye chujio, ukaingize oili kwa kopo lenye mdomo mrefu, ukizungusha injini kinyumenyume kwa mkono. Fundi asiye na nafasi ya kushika injini hutia gia ya juu na kuisukuma motokaa nyuma kidogo. Pampu ikizunguka kinyume huivuta ile oili ndani yake na kulowa. Nayo pampu iliyofunguliwa kwa matengenezo, meno yake yapakwe vaselini kabla ya kufungwa. Vaselini huyeyuka katika oili yenye moto. Grisi haiyeyuki vema, huenda ikaziba njia.

Wako mafundi wanaopenda kuiosha injini kwa mafuta ya taa, wakiyatia ndani na kuiwasha kidogo. Sikubaliani nao. Mafuta ya taa ni mepesi, hayawezi kuubeba uzito wa kranki, na hubaki katika pembe yakaipunguzia nguvu oili mpya.

Wengine wataniuliza habari za pampu ya petroli. Hiyo ni nyingine. Kwenye Land Rover nyingi ina kijimkono cha kuisukumia petroli hadi kabureta, na akina mama madereva waijua kuliko sisi.

Injini ikishangurumа dakika chache, izime, ungoje kidogo, upime tena kwa kijiti, kwa kuwa chujio limekwisha kunywa sehemu yake. Tazama pia chini kama kuna tone. Ile oili nyeusi uliyoimwaga yadhuru ngozi, basi nawa mikono kwa sabuni, wala usiifute kwa nguo utakayovaa tena. Iweke katika dumu lenye kifuniko. Wengine huipaka chini ya nguzo za ua, mchwa wasizile. Kwenye Shari isifike, maana chini ya daraja wako watu wachotao maji.