Kipuli cha shanga na neno la muuzaji

Nilipokuwa kijana, ukitaka pambo ulimwendea sonara. Ulikaa juu ya kibao ukamtazama akipiga nyundo, ukakishika kile kidani kwa mkono wako, ukakipima kwa macho na kwa kiganja, ndipo mkatajiana bei. Usiporidhika ulinyanyuka ukaenda zako, na ujirani wenu ukabaki pale pale. Kwa hivyo nilipoambiwa kwamba binti wa dada yangu amefungua duka, nikauliza liko mtaa gani, nikajibiwa kuwa limo ndani ya simu, nilicheka. Nikasema, tena mbele ya watu, kwamba duka lisilo na kizingiti ni duka la wajanja. Leo naandika kuyatangua maneno yangu hayo, maana neno lililosemwa mbele ya watu halitanguliwi faraghani.

Mpwa wangu huyu hutunga vipuli vya shanga. Kazi yake naiona kila nipitapo kwao Kibokoni baada ya sala ya alasiri. Huketi karibu na dirisha, ametandika kitambaa cha mahameli juu ya sinia ili shanga zisimkimbie. Shanga zenyewe ni ndogo mno, kila ushanga upana wake kama milimita mbili. Huchukua sindano nyembamba kama unywele akazipanga safu juu ya safu, kila ushanga ukikaa juu ya mwanya wa zile mbili za chini, mfano wa mwashi ajengapo ukuta. Kipuli kimoja huingia shanga mia mbili na ushei. Jozi moja humchukua tangu alasiri hadi adhana ya isha, ukitoa nyakati za sala na za kumhudumia nyanyake. Akikosea safu ya tatu na asigundue ila safu ya kumi, hufumua yote akaanza upya.

Jozi ikimalizika huitandaza juu ya leso akaipiga picha. Haitundiki sikioni, kwani hapendi sikio lake wala la shoga yake litembee duniani kwa watu asiowajua. Wanunuzi walipolalamika kwamba hawajui kipuli kitafika wapi shingoni, aliweka sarafu ya shilingi kumi kando yake, akaandika urefu kwa milimita na uzito kwa gramu, uzito aliokwenda kuupima kwa sonara. Huandika pia kulabu ni ya madini gani, kwa sababu yako masikio yawashwayo na nikeli hata yakatoka maji. Na kwa kuwa shanga zake nyingi zatoka Jamhuri ya Cheki, ambako mji wa Jablonec ni mashuhuri kwa kazi ya kioo tangu zamani, huandika wazi: shanga za Cheki, mkono wa Mombasa. Mnunuzi akiridhika hutuma pesa kwa M-Pesa, na kipuli hupanda basi kwenda Nairobi au Malindi, au kikavuka bahari mkononi mwa msafiri kwenda Maskati.

Yote hayo niliyaona, na bado sikushawishika. Kilichonigeuza moyo ni jambo la mwaka jana, wiki chache baada ya Idi.

Mnunuzi mmoja wa Nairobi alimletea picha. Shanga za buluu katika vipuli vyake zilikuwa zimepauka, zimekuwa rangi ya jivu. Binti akakumbuka. Fungu lile la shanga alilinunua kwa bei nafuu, na kwa ajili ya haraka ya Idi hakulijaribu kama ilivyo desturi yake, kuziroweka shanga kisha kuzianika juani siku kadhaa. Katika fungu lile alikuwa ametunga jozi sita. Mmoja amelalamika, watano kimya. Yule mmoja alimrejeshea pesa zake siku ile ile. Waliobaki ndio waliozua mjadala nyumbani. Dada yangu alimwambia, "Mwanangu, aliyenyamaza amesamehe. Usijitafutie hasara." Binti akanigeukia mimi. "Mjomba, wewe umesoma. Aliyenyamaza amesamehe, ama hajui?"

Nimekaa chuoni mbele ya maalimu miaka mingi, nimeandika mashairi ya nasaha yasiyo na idadi, na swali lile lilinikwama kooni. Nikamjibu kwamba huenda hajui. Akasema, "Basi nitawaambia." Akawaandikia wote watano na kuwarejeshea pesa. Jozi sita kwa shilingi 800 ni shilingi 4,800, nazo ndizo zilizokuwa za kununulia shanga za mwezi uliofuata. Mwezi ule hakutunga kitu.

Jamaa walimwita mjinga. Nami nasema kuwa yeye amefahamu jambo ambalo wafanyabiashara wakubwa wa mji huu, wenye maduka ya vioo na milango ya chuma, bado wanalipapasa. Sote tumesoma jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkanya mwenyewe na kuonya kwamba mdanganyifu si katika sisi. Tazama basi. Pale sokoni palikuwa na mkono wa kuingia ndani ya lundo. Katika duka la simu mnunuzi hana mkono wa kutia. Hana ila picha, na picha haitoi umajimaji. Kilichobaki ni neno la muuzaji. Kwa hivyo sisemi tena kwamba duka lisilo na kizingiti ni duka la wajanja. Nasema ni duka linalotaka ukweli zaidi kuliko lile la mtaani, kwa sababu aliye mbali amekuazima macho yako ayatumie kama yake.

Na sheria yetu haikuuacha mlango huu bila bawabu. Sisi tumfuatao Imamu Shafi tumefundishwa kwamba kuuza kitu kisichoonwa kuna masharti mazito, na kwamba mtu asiuze asichokuwa nacho. Lakini tumefundishwa pia mlango wa salamu, yaani kulipa kwanza na kupokea baadaye. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miwili kabla, naye hakuwakataza, bali aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Ukizitazama zile milimita na gramu za mpwa wangu, na siku ya kupeleka anayoiandika, utaona amekuja kwenye masharti yale yale. Sitoi fatwa. Wenye elimu wapo na milango yao haifungwi. Langu ni kuuliza tu, mbona mambo haya hatuwafundishi vijana wetu madrasani, hali wengi wao riziki yao sasa imo ndani ya simu?

Kwani vishawishi ni vingi. Rafiki wa binti huyu alimshauri anunue vipuli vya kiwandani kwa dazani, vitokavyo China, avipige picha juu ya leso ile ile, aandike kuwa ni kazi ya mkono. Atauza thelathini kwa siku badala ya jozi moja. Kuuza cha kiwandani si haramu, na mwenye shilingi 150 naye ana haki ya kujipamba. Uovu ni kukiita cha mkono. Atendaye hivyo amemwibia mnunuzi, kisha amemwibia kila msichana ambaye mkono wake kweli umechomwa na sindano, kwa sababu kesho atakaposema "nimetunga mwenyewe" hakuna atakayemwamini. Na wezi wenyewe wapo. Picha ya vipuli vya mpwa wangu ilionekana katika duka la mtu mwingine kabisa. Tuliijua kwa sababu pembeni palionekana kidole chake, na hina ya arusi ya binamu yake.

Wako watakaosema vipuli ni mambo ya kike, havistahili ukurasa huu. Hao nawakumbusha siku ya Idi ambayo Mtume aliwaendea wanawake akawahimiza kutoa sadaka, Bilali akaitandaza nguo yake, nao wakavua vipuli na pete zao wakazitia humo. Nawakumbusha pia Bi Zainabu binti Jahshi, mke wa Mtume, aliyekuwa akifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe na kuitoa sadaka. Mkono wa mwanamke unaochuma kwa halali si jambo dogo katika dini yetu.

Wala shanga si ngeni kwetu. Waliochimba magofu ya Gedi na ya Shanga, kule kisiwa cha Pate, wameziokota ardhini pamoja na vigae. Misafara ya karne ya 19 ilizibeba kwenda bara, na Burton, aliyesafiri huko kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba palikuwa na karibu aina 400, kila moja na jina lake na mahali pake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa huko aendako alirudi mikono mitupu. Hata wakati ule biashara ya ushanga ilikuwa ni kumjua mtu aliye mbali.

Lakini mtunzi hakumjua. Mama zetu walishona kofia za vito miezi na miezi, macho yakaisha kwa taa ya kibatari, kisha akaja mlanguzi na bei yake mfukoni. Kofia ikavuka bahari, ikauzwa kwa mara kadhaa ya pesa zile, na aliyeivaa hakupata kujua imeshonwa na nani. Simu hii tunayoilaani imewafanya mkono uliotunga na sikio lililovaa waulizane hali. Hiyo ni neema, nayo neema hulindwa kwa ukweli.

Sasa neno kwetu sisi wanunuzi. Muuzaji akiwa mkweli nasi tuwe waadilifu. Katika zile shilingi 800, shanga, uzi, kulabu na kifurushi huchukua kama 250. Kinachobaki ni malipo ya alasiri nzima. Hata hivyo ni sisi jamaa tumwambiao, "Nipunguzie, mimi ni shangazi yako," ama "Nipe cha bure, nitakutangazia." Mgeni wa Nairobi alipa bila kuteta, na shangazi wa Kibokoni ateta hadi shilingi 300. Katika Suratul Mutaffifin tumeonywa juu ya wale ambao wakijipimia hutaka kitimie na wakiwapimia wengine hupunguza. Tusidhani aya zile zawahusu wenye mizani ya mchele peke yao. Hata jasho la mpwa wako lina kipimo chake.

Mtaniuliza, je, wale sita walirudi? Wawili wamenunua tena. Mmoja alimwombea dua. Watatu hawakusema neno hadi leo. Kwa hivyo sitawadanganya vijana kwamba ukweli hulipa kila mara, na upesi. Ukweli ulimgharimu mpwa wangu mwezi mzima. Lakini nilipopita kwao juzi nilimkuta dirishani na sinia lake, na juani nje kulikuwa na bakuli la shanga za buluu, mpya, zikijaribiwa. Nikamwuliza zimekaa siku ngapi. Akanijibu, "Siku ya saba, Mjomba. Bado tatu."

Nikamwagiza jozi ya mke wangu. Bei nikalipa kamili, na siku tatu nitangoja.