Mabaharia wawili hawafiki Olimpiki kwa kutembeza bakuli

Kwetu, timu ndogo ikifuzu kwenda mashindano ya nje, kinachofuata ni kundi la WhatsApp la michango, namba ya simu ya mtunza hazina, na pengine mgeni rasmi wa kuongoza harambee hotelini. Utaratibu huo umezika ndugu zetu na kusomesha watoto wetu, wala sina nia ya kuubeza. Lakini ipo michezo ambayo fedha za namna hiyo hufika zikiwa zimeshachelewa, na mbio za mashua za matanga za watu wawili zinaonyesha jambo hilo kuliko mchezo mwingine ninaoufahamu. Nchi za mwambao wetu zikitaka kuwa na jozi ya mabaharia kwenye Olimpiki, miaka ya mazoezi lazima ibebwe na bajeti inayojulikana mapema. Kama haziko tayari kwa hilo, bora zikae kando kuliko kuwaachia vijana wawili kazi ya kuomba.

Tuitazame mashua yenyewe. Ile ya aina ya 470, iliyobuniwa na Mfaransa André Cornu mwaka 1963 na kuingia Olimpiki mwaka 1976, ina urefu wa mita 4.70 na bodi yake ina uzito wa kilo 120 hivi. Mmoja hushika usukani na kamba ya tanga kubwa. Mwenzake hushughulikia tanga la mbele, na wanapokwenda na upepo huongoza pia tanga la tatu, jepesi na pana. Upepo ukizidi, huyu wa pili hutoka nje kabisa, akaning'inia kwenye waya uliofungwa juu mlingotini, nyayo zake zikikanyaga ukingo, ili uzito wake uizuie mashua isipinduke. Aliyewahi kutazama mashindano ya mashua Lamu hahitaji kuelezwa zaidi, maana ndiyo kazi ya wale wanaojipanga juu ya mrengu, ila hapa hakuna ubao. Kwa hiyo hakuna mazoezi ya mtu mmoja. Aliyepata nauli na mwenzake akakosa, wote wawili wamekosa. Mkimbiaji asiye na senti bado anaweza kuamka alfajiri akapanda mlima kule Iten. Baharia wa 470 ambaye mwenzake amezuiwa na mwajiri, au ambaye tanga lake limechakaa, hana la kufanya siku hiyo.

Matanga hayo ni bidhaa ya kuisha. Kitambaa hupoteza umbo lake taratibu kwa jua, chumvi na mikunjo, na tanga lisilo na umbo halivuti hata kama halijachanika popote. Juu ya hayo kuna boti ya injini ya kocha na mafuta yake, kodi ya mashua kila wanapoalikwa mahali wasikoweza kusafirisha ya kwao, ada za kushiriki, na malazi ya wiki nzima katika miji ya kitalii kama Palma ya Hispania au Hyères ya Ufaransa, ambako mashindano makubwa ya msimu hufanyika. Tiketi ya ndege, ambayo ndiyo tunayopenda kuichangia kwa sababu inaonekana na ina tarehe, ni sehemu ndogo ya hesabu hii.

Majirani zetu wa kusini wametupa ushahidi. Kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Msumbiji iliwakilishwa katika 470 ya wanawake na Maria Machava na Denise Parruque. Angola ilikuwa na Matias Montinho na Paixão Afonso upande wa wanaume, jozi ileile iliyokuwa Rio mwaka 2016. Kanuni za kufuzu zilitenga nafasi kwa kila bara, kwa hiyo mlango wa Afrika ulikuwa wazi kwa yeyote aliyejipanga. Kule Enoshima, zilikofanyika mbio za mashua za Michezo hiyo, mabinti wa Msumbiji walimaliza mkiani, na Waingereza Hannah Mills na Eilidh McIntyre wakachukua dhahabu. Wapo wanaosema hilo latosha kuonyesha kwamba ni kupoteza fedha. Mimi nalisoma kinyume. Msumbiji ilifika ilikofika kwa sababu ilikuwa na mashua, klabu na vijana walioanza wakiwa wadogo. Mwaka 2024 Deizy Nhaquile akaipeperusha tena bendera ya nchi hiyo kwenye mbio za Olimpiki huko Marseille, katika mashua ya mtu mmoja. Sisi wenye Tanga, Mombasa na Unguja hatukuwapo hata mkiani. Na si kwamba mchezo huu haujawahi kutufikia: Kenya ilikuwa na mashua ya watu wawili kwenye mbio za Olimpiki huko Napoli mwaka 1960, wakati wa ukoloni. Mchezo ulikuwa wa klabu za walowezi, na baada ya hapo hakuna aliyejishughulisha kuuteremsha hadi ufukweni.

Kuna pingamizi linalotoka kwa wapenzi wa bahari wenyewe, nalo ni tamu kulisikiliza: kwamba sisi ni watu wa kusi na kaskazi, tumezaliwa na ngalawa, tukipewa mashua tutawashangaza. Natamani ingekuwa hivyo. Oman ina historia ya bahari ambayo haina haja ya kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili, na tangu mwaka 2008 ina Oman Sail, taasisi iliyoanzishwa kwa nguvu ya serikali ili kufufua urithi huo. Jozi yao, Musab Al Hadi na Waleed Al Kindi, ilishiriki mbio za kufuzu za Asia huko Mussanah, nyumbani kwao, Aprili 2021, katika mashua ya 49er, nayo ya watu wawili. Tiketi ikaenda kwa Wahindi KC Ganapathy na Varun Thakkar. Urithi, fedha na bahari ya nyumbani vilikuwapo vyote, na bado havikutosha. Anayejua kubisha kwa jahazi anaujua upepo, na hilo si dogo. Lakini mwendo wa mashua hizi nyepesi, kanuni za kuanza mbio, na namna ya kumziba mpinzani upepo wake, hivyo hufunzwa majini kwa miaka.

Miaka hiyo ndiyo bakuli haliwezi kuinunua. Peter Burling na Blair Tuke wa New Zealand walipata medali ya fedha London mwaka 2012, wakakaa pamoja, na kati ya hapo na dhahabu yao ya Rio hawakushindwa katika shindano lolote kubwa la 49er. Walifika mahali ambapo mmoja anageuza usukani na mwingine ameshavuka upande wa pili bila kuambiwa. Jozi inayojichangishia haifiki hapo kwa urahisi, kwa kuwa kila wiki ya kuandika barua, kusubiri kwenye ofisi za watu na kupiga picha na hundi kubwa ya karatasi ni wiki isiyo ya majini. Halafu fedha zenyewe huja kwa mafungu yasiyotabirika: nyingi mwezi wa kufuzu, kidogo mno mwaka mmoja kabla, wakati hasa zinapohitajika.

Lipo pingamizi zito zaidi, la zahanati na madawati. Haki ya mtu anayeuliza kwa nini serikali inunulie vijana wawili matanga wakati kina mama wanajifungulia sakafuni ni kubwa, na siwezi kumjibu kwa maneno ya bendera na fahari. Nitamjibu kwamba wizara za michezo tayari zina fungu, na kwamba swali hapa ni namna ya kuligawa, si kuliongeza. Ipo pia misaada ya nje, kama ile ya Mshikamano wa Olimpiki na mpango wa Shirikisho la Dunia la mchezo huu kwa mataifa yanayochipukia, na misaada hiyo humwendea aliye na programu ya kuonyesha. Wanaosema kampuni zidhamini wanasahau kwamba mbio hizi hufanyika mbali na ufukwe, bila jukwaa la mashabiki, na mfadhili anataka kuonekana. Kampuni itakuja kupiga picha na aliyekwisha kushinda.

Sasa 470 ni ya mchanganyiko: tangu Michezo ya Paris, kila mashua hubeba mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwa mwambao wetu hapo ndipo penye kazi, kwani vijana wa kiume wa kushika tanga hatutawakosa, ila wasichana wengi wa pwani hawajafundishwa hata kuogelea. Huko Nungwi wameanza kufundishwa, kwa mavazi yanayokubalika na walimu wa kike, na jamii haikupasuka. Bajeti ninayoitetea ingeanzia hapo.

Na kama kamati ya Olimpiki ina uwezo wa jambo moja tu mwaka huu, isinunue tiketi. Inunue mashua mbili za 470 zilizotumika, iziweke Tanga au Mombasa, na imlipe kocha mmoja kwa mkataba wa miaka minne. Nasema mbili kwa sababu mashua ikiwa peke yake baharini haina namna ya kujua kama inakwenda kasi: unabadilisha mkazo wa waya za mlingoti, unasogeza kamba, unahisi imekimbia, na hakuna wa kukukanusha. Ikiwapo ya pili ubavuni, katika upepo uleule, baada ya dakika tano jibu linaonekana. Tena jozi ikivunjika, kwa ndoa, masomo au ugomvi, wapo wengine wawili waliokwishafundishwa ambao anayebaki anaweza kupanda nao.